Gemu za konsoli kwenye kabati la arkedi: mwongozo kamili wa kuzihamisha

Kwenye padi ya NES, konsoli ya zamani ya Nintendo ya kuchezea gemu kwenye TV, kidole gumba cha kulia kinafanya kazi mbili kwa pamoja. Ncha yake inakandamiza B ili Mario akimbie, na kiungo chake kinalalia A ili aruke. Ihamishie gemu hiyohiyo kwenye kabati la arkedi, ile mashine ya sarafu ya kuchezea umesimama, gumba linakosa kazi. Kidole cha shahada kinashikilia B, cha kati kinagonga A, na mkono wa kushoto uliozoea kimsalaba cha plastiki sasa unashika mpini wenye kirungu. Dakika kumi za kwanza Mario anatumbukia kila shimo. Baadaye vidole vinaelewa, na unagundua kwamba kukimbia kwa kidole kimoja na kuruka kwa kingine kuna raha yake.

Nimeanza na vidole kwa sababu huko ndiko kazi iliko. Wengi wanaoanza mradi huu wanaogopa programu, lakini programu ni sehemu nyepesi. Emuleta, yaani programu inayoifanya kompyuta iige konsoli fulani, zipo nyingi, nyingine ni za bure, na za konsoli za zamani zimekomaa kwelikweli. Kinachochukua siku ni kupatanisha gemu iliyobuniwa kwa mtu aliyekaa mbele ya TV na padi mkononi, na mashine iliyobuniwa kwa mtu aliyesimama, joystiki mkono mmoja, vitufe mkono wa pili.

Wazo lenyewe si geni. Mwaka 1986 Nintendo walitoa PlayChoice-10, kabati lenye gemu za NES hadi kumi ndani yake. Sega nao wakafanya vivyo hivyo kwa Mega-Tech na gemu za konsoli yao, Mega Drive. Katika mashine hizo sarafu haikununua maisha ya mchezaji, ilinunua dakika, kwa kuwa gemu ya nyumbani ni ndefu na haina haraka ya kukufukuza. Tofauti hiyo itatusaidia tukifika kwenye kuchagua gemu.

Fungua mlango wa nyuma kwanza

Usinunue chochote bado. Zima kabati, chomoa plagi ukutani, fungua nyuma uone una nini.

Kama ndani kuna skrini nene ya zamani yenye mrija wa kioo, yaani CRT, weka mikono mbali na shingo ya mrija na kile kifuniko cha mpira kilichobandikwa juu yake. Hapo hupita umeme unaozidi volti 20,000, na mrija unaweza kubaki na chaji hata plagi ikiwa imechomolewa. Hakuna hatua katika mwongozo huu inayokutaka uguse bodi ya mrija. Picha ikiwa imepinda au imefifia, hiyo ni kazi ya fundi anayezijua skrini hizo.

Sasa tafuta kiunganishi kirefu, chembamba, mwishoni mwa tita la nyaya. Kikiwa na migusano 28 kila upande, jumla 56, umepata JAMMA. Huu ni mpangilio ulioanzia Japani katikati ya miaka ya 1980, ili bodi ya gemu moja ichomolewe na nyingine ichomekwe bila kuunga nyaya upya. Kiunganishi hicho kimoja kinabeba umeme wa volti 5 na 12, rangi tatu za picha pamoja na ishara ya kuzisawazisha, waya wa spika, joystiki mbili na vitufe. Kumbuka hasa vitufe: JAMMA inampa kila mchezaji vitufe vitatu tu. Gemu za kupigana za vitufe sita zilihitaji tita la pili la nyaya pembeni.

Kabati la kutengeneza mwenyewe lenye skrini bapa ni rahisi zaidi, kwa sababu skrini inapokea waya wa HDMI na vitufe vinaingia kwa USB. Kama ni kabati dogo la kununua likiwa na gemu zake, chomoa bodi ya asili kwa upole, piga picha ya kila waya ulipokuwa, kisha ihifadhi mahali pakavu. Ipo siku utataka kuirudisha.

Chagua konsoli kwa kuhesabu vitufe

Hapa ndipo ningekaa muda mrefu kuliko pengine popote. Angalia ubao wako una vitufe vingapi, kisha uliza ni konsoli ipi inaridhika navyo.

Vitufe viwili vinatosha kwa NES, Master System na PC Engine. Vitatu vinatosha kwa Mega Drive, na ndiyo maana kabati la JAMMA la kawaida na Mega Drive huelewana kama ndugu: huhitaji kutoboa shimo hata moja. Sita vinafungua SNES, pamoja na gemu za Mega Drive zilizotumia padi ya vitufe sita iliyotoka mwaka 1993. PlayStation ya kwanza ina vitufe vinane bila kuhesabu Start na Select, ila gemu zake nyingi za mapigano na mashindano zinaridhika na sita.

Nintendo 64 ningeiacha. Tatizo si nguvu ya kompyuta. Joystiki ya kawaida ya arkedi ina swichi nne, na swichi inajua mambo mawili tu: imebonyezwa au haijabonyezwa. Kijiti cha Nintendo 64 kinapima umekisukuma kiasi gani. Katika Super Mario 64 kuna mimea inayolala, na unapaswa kunyata kando yake isiamke. Kwa joystiki ya swichi hakuna kunyata. Kila hatua ni mbio.

Halafu fikiria miguu. Mtu amesimama, pengine na mwenzake ubavuni. Streets of Rage 2, Contra, Gunstar Heroes, Super Bomberman: hizi zinalifaa kabati kana kwamba zilizaliwa humo, kwa kuwa mtu anashika, anacheza dakika ishirini na rafiki, anaondoka ameridhika. Chrono Trigger ni gemu ninayoipenda sana, lakini ni saa nyingi za kusoma maongezi, na magoti yatalalamika kabla hujatoka kijijini. Usijaze kabati kila kitu kinachowezekana. Orodha ya gemu arobaini ulizozijaribu mwenyewe kwa joystiki ina thamani kuliko orodha ya elfu tatu ambayo mgeni anaipitia dakika tano bila kucheza.

Ikiwa skrini yako imesimama wima, jua kwamba gemu za konsoli zimechorwa kwa upana. Zitaonekana kama kidirisha katikati, na weusi mkubwa juu na chini. Gemu chache za ndege za kivita zina chaguo la kugeuza picha, Ikaruga ya Dreamcast ikiwa mojawapo, lakini hizo ni za kuhesabu.

Kompyuta ya ndani

Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo ya bodi moja, inaendesha kila konsoli hadi PlayStation ya kwanza bila kuhema. Kompyuta ya kawaida ya zamani, iliyotolewa ofisini kwa sababu imechoka, inafanya hivyo pia na mara nyingi inapita. Anayetaka uigaji wa kwenye saketi zenyewe badala ya programu anaweza kutazama mradi wa MiSTer, unaotumia bodi ya DE10-Nano, ila gharama yake ni nyingine.

Kwenye kompyuta hiyo weka mfumo ulioandaliwa kwa kazi hii: Batocera, Recalbox, Lakka au RetroPie. Mimi humshauri anayeanza achukue Batocera, kwa sababu inaweza kuwaka kutoka kwenye flashi ya USB bila kugusa diski ya kompyuta. Ukikosea, unaiandika upya flashi na kuanza tena. Pakua faili ya mfumo mzima kutoka tovuti yao wenyewe, iandike kwenye flashi kwa programu ya kazi hiyo, chomeka, washa. Kwenye mifumo hii gemu nyingi huendeshwa na RetroArch, programu moja inayobeba emuleta nyingi ndani yake, kila moja ikiitwa kiini.

Ukitumia Pi, ipe umeme wake yenyewe. Pi 4 inataka volti 5.1 na ampea 3, na usambazaji wa zamani wa kabati unaweza kushuka chini ya hapo wakati taa na spika zinavuta. Ukiona alama ndogo ya radi kwenye kona ya skrini, usiipuuze. Umeme hauitoshi.

Picha kwenye skrini ya mrija

Chukua kalamu. Konsoli za zamani zilituma picha ya mistari 262 kwa kila fremu, ikiwemo ile isiyoonekana, na fremu takriban 60 kwa sekunde. Zidisha: mistari 15,720 kwa sekunde. Hiyo ndiyo maana ya watu kusema skrini ya arkedi ni ya kHz 15. Kompyuta inapowaka kwa VGA ya kawaida, njia yake ya zamani ya kutoa picha, hutuma mistari 525 mara 60, yaani 31,500. Mara mbili. Skrini ya kHz 15 ikipokea ishara hiyo utaona picha iliyochanika vipande, na ukiiacha hivyo unaweza kuiunguza. Kwa hiyo kanuni ya kwanza: usiunganishe kompyuta na skrini ya mrija kabla hujawa na hakika inatuma nini.

Njia salama kwa kompyuta ya kawaida ni bodi ya J-PAC ya kampuni ya Ultimarc. Inachomekwa kwenye tita la JAMMA upande mmoja. Upande wa pili inapokea VGA kutoka kwenye kompyuta na kupeleka vitufe kwa USB. Inakuza ishara ya picha, ambayo ni dhaifu mno kwa skrini ya arkedi ikitoka kwenye VGA, na inaweza kuzuia ishara ya juu isipite wakati kompyuta inapowaka. Kisha kadi ya picha inapaswa kufundishwa kutuma kHz 15. Kwa Windows kuna CRT EmuDriver, dereva zilizorekebishwa kwa ajili ya baadhi ya kadi za Radeon. Kwa Pi kuna bodi za kuunganisha na JAMMA moja kwa moja kupitia pini zake. Fuata mfumo uliotengenezwa pamoja na bodi hiyo wala usichanganye.

Kuna ujanja mmoja mzuri hapa. NES inachora pikseli 256 kwa upana, Mega Drive mara nyingi 320. Ukibadilisha upana wa skrini kwa kila gemu, picha inaruka na pengine kuhama pembeni. Badala yake watu huweka upana mkubwa wa pikseli 2560 na urefu wa mistari 240. Kwa kuwa 2560 ni 256 mara kumi, na pia ni 320 mara nane, konsoli zote mbili zinagawanyika bila baki, na mrija haujali upana kwa sababu kwake mstari ni mstari. Unaweka mara moja, unasahau.

Gemu za konsoli zikipita kwenye mrija ulio sawa, hakuna kichujio cha programu cha kuiga mrija kinachofanana nazo. Ila usitegemee mrija ufanye kila kitu: maporomoko ya maji katika Sonic yamechorwa kwa mistari ya wima iliyopishana, na kwenye TV za nyumbani ni ishara ya composite, inayopitisha rangi zote kwa waya mmoja, iliyoichanganya mpaka ikawa maji yanayoangaza. Kwa ishara ya rangi tatu ya arkedi mistari hiyo inabaki kuonekana, na kwenye skrini bapa unaiona kama fito za uzio.

Picha kwenye skrini bapa

Mambo matatu tu. Kwanza, picha ibaki na uwiano wa 4:3. Kuivuta ijaze skrini pana kunamnenepesha kila mhusika, na jicho halizoei kamwe.

Pili, ikuzwe kwa namba kamili. Skrini yenye mistari 1080 ikigawanywa kwa 240 inatoa 4.5, kwa hiyo pikseli nyingine zinakuwa nene na nyingine nyembamba, na picha ikisogea unaona mawimbi. Ikuze mara nne, ukubali weusi kidogo juu na chini. Ukiweza kupata skrini ya zamani ya 4:3 yenye mistari 1200, ichukue: 240 mara tano ni 1200 kamili, na umbo lake linaingia kwenye kabati bila hila yoyote.

Tatu, ucheleweshaji. Fremu moja ni milisekunde 16.7. Skrini ya TV inayopendezesha picha inaweza kuongeza fremu kadhaa kabla ya kuonyesha ulichobonyeza, na kwenye gemu ya kuruka hilo linaua. Washa hali ya gemu kwenye mipangilio ya TV, zima kila kitu kinachojiita uboreshaji.

RetroArch yenyewe ina dawa ya ziada, kipengele kinachoandikwa Run-Ahead. Gemu nyingi za zamani husubiri fremu moja au mbili kabla ya kujibu, na kipengele hiki kinaziruka. Kupima ni rahisi: simamisha gemu kwa P kwenye kibodi, shikilia kitufe cha kuruka, kisha gonga K kusogeza fremu mojamoja ukihesabu. Mhusika akijongea kwenye fremu ya tatu, weka 2. Usizidishe hapo, maana utaona miondoko ikikatika.

Nyaya za vitufe

Kama una JAMMA na J-PAC, ruka sehemu hii. Wengine watahitaji enkoda, bodi ndogo inayogeuza vitufe kuwa kibodi au padi ya USB. I-PAC hujitambulisha kama kibodi; bodi nyingi za bei nafuu hujitambulisha kama padi. Kwa wachezaji wawili napendelea kibodi, kwa sababu padi mbili zinazofanana zinaweza kubadilishana nafasi kila unapowasha, na ghafla wa kulia anamwendesha wa kushoto.

Chini ya kila kitufe kuna swichi ndogo. Ile ya umbo la kisanduku ina miguu mitatu iliyoandikwa COM, NO na NC. Waya wa ardhi unaingia COM, ukipita kutoka swichi hadi swichi kama uzi wa shanga, na mwisho wake mmoja unakwenda kwenye enkoda. Waya wa ishara unaingia NO. Ukikosea ukaweka NC, kitufe kinakuwa kimebonyezwa muda wote na kinaachia unapokigusa. Niliwahi kupoteza jioni nzima nikitafuta kasoro kwenye programu, mhusika anatembea kushoto peke yake bila kuguswa, kumbe ni mguu huo mmoja.

Jambo la pili linalowakwaza watu ni joystiki. Mpini ukiusukuma juu, sehemu yake ya chini inakwenda upande wa pili. Kwa hiyo swichi ya kupanda juu ni ile iliyo karibu nawe, na ya kushoto ni ile ya kulia. Unga nyaya zote, jaribu, na kama kila kitu ni kinyume geuza viunganishi tu.

Chini ya joystiki nyingi kuna bamba linaloamua mpini unakwenda pande nne au nane. Kwa gemu za konsoli liache kwenye nane. Pande nne ni kwa zile za njia nyembamba kama Pac-Man.

Kila kitufe na kazi yake

RetroArch hupanga kila kitu kwa padi moja ya kufikirika inayofanana na ya SNES. Wewe unaieleza mara moja kitufe kipi ni kipi, kisha kila kiini kinatafsiri. Kwa ubao wa vitufe sita, panga hivi, kutoka kushoto:

Safu ya juu: Y, X, L.
Safu ya chini: B, A, R.

Mpangilio huu unaiweka Street Fighter II ya SNES kama ilivyo kwenye arkedi, ngumi juu na mateke chini, kutoka jepesi hadi zito. NES inapata B na A kwenye safu ya chini, mahali pake hasa. PlayStation inapata mraba na pembetatu juu, msalaba na duara chini, L1 na R1 mwishoni. Yote sawa.

Mega Drive ndiyo inayoharibika. Kiini cha Genesis Plus GX kinaiweka A ya Mega Drive kwenye Y, B kwenye B, na C kwenye A. Maana yake A inaruka kwenda safu ya juu, na mtu anayecheza Sonic haoni kasoro kwa sababu vitufe vyote vitatu vinaruka, lakini wa Streets of Rage 2 anashangaa kitufe cha pigo maalumu kimehamia wapi. Ingia kwenye gemu, fungua menyu, nenda kwenye vidhibiti, upange upya: A, B, C kwenye safu ya chini, X, Y, Z juu. Halafu hifadhi kwa ajili ya kiini kizima, si kwa gemu moja, usije ukairudia kazi hiyo mara arobaini.

Start iko tayari kwenye kila kabati. Select haipo. Itoe kwenye kitufe cha sarafu, maana gemu ya konsoli haihitaji sarafu. Ila iwe kitufe cha kubonyeza kwa kidole. Mlango halisi wa sarafu unatoa mguso mfupi mno, na gemu nyingine zinataka Select ishikiliwe.

Ukitumia enkoda ya kibodi, kuna mitego miwili ninayotaka uijue mapema. Enkoda hizi huja na herufi za MAME, emuleta ya gemu za arkedi, na humo mchezaji wa pili anapanda juu kwa R na kushuka kwa F. Kwenye RetroArch, F inabadilisha ukubwa wa dirisha na R ni ya kurudisha gemu nyuma. Basi mwenzako anachuchumaa, na skrini nzima inaruka. Mtego wa pili ni wa Windows: kitufe cha nne cha mchezaji wa kwanza ni Shift, na ukiigonga Shift mara tano mfululizo Windows inafungua dirisha la kuuliza kama unataka funguo za kunata. Hilo lizime kwenye mipangilio ya Windows. La kwanza linatibiwa na hatua inayofuata.

Njia ya kutokea

Kabati halina kibodi. Lazima mchezaji aweze kutoka kwenye gemu kwa vitufe vilivyopo, na asitoke kwa bahati mbaya.

Kwenye mipangilio ya RetroArch kuna sehemu ya njia za mkato, na humo kuna kitufe cha kuziruhusu. Kiweke kiwe kitufe cha Select. Kuanzia hapo hakuna njia ya mkato inayofanya kazi mpaka Select iwe imeshikiliwa, kwa hiyo F na R za mchezaji wa pili zinanyamaza. Kutoka kuwe Select pamoja na Start. Menyu iwe Select pamoja na kitufe cha X. Washa pia chaguo la kuthibitisha kutoka, ambalo linadai ubonyeze mara mbili. Njia nyingine zote za mkato ambazo huzihitaji, zifute kabisa. Kadiri zinavyopungua ndivyo wageni wanavyobaki ndani ya gemu.

Gemu zenyewe

Sheria za kunakili zinatofautiana kati ya nchi na nchi, na kupakua gemu za watu bila ruhusa yao ni kuvunja hakimiliki. Njia ninayoifuata ni kunakili katriji na diski ninazomiliki. Kifaa kama Retrode kinapokea katriji ya SNES au Mega Drive juu, na kwenye kompyuta gemu inaonekana kama faili kwenye flashi. Ni faili ndogo ajabu: Super Mario Bros. nzima ni KB 40. Diski za PlayStation unazisoma kwa kiendeshi cha kawaida cha CD, kisha unazibana kwa chdman, programu inayokuja pamoja na MAME, zikawa faili moja badala ya rundo.

PlayStation inataka pia BIOS, programu yake ya kuwashia, yenye KB 512. Itoe kwenye konsoli yako, iweke kwenye folda ya BIOS kwa jina lilelile ambalo kiini kinalitafuta, kama scph5501.bin kwa mashine za Marekani. Herufi kubwa na ndogo zina maana. Jina likikosewa kwa herufi moja, unapata skrini nyeusi isiyoeleza chochote.

Angalia pia gemu yako ni ya eneo gani. Nakala za Ulaya nyingi zilitengenezwa kwa Hz 50 na zinakwenda polepole kwa karibu asilimia 17, muziki ukiwemo. Ukiwa na chaguo, tumia ya Hz 60.

Na usizisahau gemu mpya za konsoli za zamani, zinazouzwa na watengenezaji wenyewe kama faili, kwa halali kabisa. Micro Mages ya NES, ya mwaka 2019, inachezwa na watu hadi wanne na ni KB 40 vilevile. Xeno Crisis ya Mega Drive, ya mwaka huohuo, ni ya kufyatua risasi kwa watu wawili na inalipendeza kabati mno.

Gemu zilizohifadhiwa na swichi ya umeme

Mtu wa kabati huzima kwa swichi ya nyuma, kama taa. Konsoli ya zamani haikujali sana hilo, kompyuta inajali. RetroArch isipopangwa vingine huandika kumbukumbu ya katriji pale tu unapotoka kwenye gemu. Ukikata umeme ukiwa ndani, saa mbili za safari zimepotea. Tafuta kipengele cha muda wa kuhifadhi SaveRAM, ukiweke sekunde kumi. Na fundisha kila anayelitumia kabati kuzima kupitia menyu, au weka kitufe kinachoiamuru kompyuta ijizime yenyewe, kwa sababu kadi ya kumbukumbu inayokatiwa umeme katikati ya kuandika inaweza kuharibika yote. Fanya nakala ya kadi nzima siku utakapomaliza.

Kabla ya kufunga mlango

Sauti kwanza. Spika ya kabati inangoja sauti iliyokuzwa tayari, na tundu la vipokea sauti la kompyuta ni dhaifu kwake. Weka amplifaya ndogo katikati. Kama spika ni moja, iambie RetroArch au mfumo utoe sauti ya pamoja, la sivyo utasikia upande mmoja tu na gemu nyingine zitapoteza milio.

Kisha endesha 240p Test Suite ya Artemio Urbina, programu ya bure inayopatikana kwa konsoli nyingi za zamani. Ina gridi ya kukuonyesha kama picha imekatwa pembeni, rangi za kusawazisha, na kipimo cha ucheleweshaji. Sogeza picha mpaka fremu ya gridi ionekane pande zote nne. Kwenye mrija, tumia vipimo vya mlalo na wima vilivyo kwenye kibao cha marekebisho, vile vinavyofikiwa bila kuingiza mkono ndani.

Mwisho mwite mtu wa pili. Fungueni Contra, simameni bega kwa bega, mcheze nusu saa bila wewe kugusa mipangilio. Utaona kama viwiko vinagongana, kama Start ya mchezaji wa pili inasimamisha gemu isivyotakiwa, kama kitufe kimoja kinakwama kikishikiliwa na vingine vitatu. Andika kila kasoro kwenye karatasi, rekebisha moja baada ya nyingine, jaribuni tena. Nusu saa ikipita bila karatasi kupata mstari mpya, funga mlango wa nyuma.